Vyumba vya Chini Vimejaa

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mkwe wangu amekuja na kompyuta yake. Amekaa kwenye meza ya chakula, ametandaza karatasi, anachora visanduku. Nikapita mara ya kwanza, nikajifanya natafuta kiberiti. Nikapita tena, natafuta kiberiti kile kile. Mara ya tatu akasimama, akaniamkia upya, akanivutia kiti. Adabu anayo, siwezi kumsingizia. Na hiyo ndiyo inayonikera. Mtu mwenye adabu huna pa kumshikia.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yangu ndiye meneja wa hoteli (umeneja nilimpa mwenyewe, lakini hilo halikumbuki mtu). Anasema amechoka na namna yangu ya kupanga wageni. Eti mwezi uliopita wageni wawili walikutana chumba kimoja, mmoja anatoka kuoga, mwingine anaingia na begi. Nikamwambia mbona walipatana? Mpaka leo wanatumiana salamu! Hakucheka. Amemwomba mumewe atengeneze mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi za vyumba. Ukifanya kazi, mimi natoka kaunta. Nikapumzike barazani, anasema.

Barazani! Kaunta ile mbao zake nilizipiga randa mimi. Kiti kile kimeshachukua umbo langu, mwingine akikikalia anateleza. Mgeni akiingia hotelini, sura ya kwanza kuiona ni yangu, ndiyo maana wanarudi. Barazani nitakuwa nani? Mzee fulani aliyekaa.

Mkwe akanieleza mchoro. Baba, akasema, hoteli nzima tunaigawa kuwa vitu. Kila kitu kina mambo kinayoyajua na kazi kinazoziweza. Chumba kinajua namba yake, kinajua kiko juu au chini, kinajua kama kimefagiliwa. Mgeni anajua jina lake na simu yake. Nikamwambia mgeni asiyejua jina lake sijawahi kumpokea, endelea. Akasema kuna kitu cha tatu, buking. Buking ndiyo inayojua ni mgeni gani, chumba gani, kuanzia siku gani mpaka siku gani.

Nikamwuliza hiyo buking inalala wapi. Akasema hailali, baba. Inakula nini? Haili. Nikamwambia basi haipo. Mgeni namwona, chumba nakiona. Mgeni akiingia chumbani ni mguu umeingia kwenye soksi. Sasa huyu wa tatu anatafuta nini kwenye soksi?

Akatabasamu kwa adabu.

Halafu nikavihesabu visanduku. Chumba. Mgeni. Buking. Malipo. Shuka nayo ina kisanduku! Nikatafuta changu. Hakuna. Nikamwuliza, mwanangu, mimi niko wapi hapa? Akakuna kichwa. Akasema wewe, baba, uko nje ya mchoro. Wewe ndiye unayeutumia mfumo.

Nje. Shuka ndani, mimi nje.

Chakula hakikupita. Nimekula sahani mbili tu.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimeamka na akili. Wengine huamka na mafua, mimi huamka na akili. Nikachana ubavu wa boksi la sabuni, nikachora mfumo wangu. Kisanduku kimoja kikubwa katikati, nikaandika MIMI. Vyumba pembeni, wageni pembeni, jiko, shuka, wote pembeni, na kila mmoja ana mstari mmoja tu, unakuja kwangu. Mzuri! Ukiutazama kwa mbali unafanana na jua.

Nikampelekea mkwe. Akautazama muda mrefu. Akasema baba, hiki kisanduku cha katikati kinajua kila kitu na kinafanya kila kitu. Nikamwambia umenielewa upesi. Akasema wenzetu kwenye kazi hii hukikwepa kisanduku cha namna hiyo, maana siku kikikosea, hoteli nzima imekosea. Nikamwuliza, hiki unachokiona kimewahi kukosea? Akatazama chini. Adabu tena.

Binti akaja, akasikiliza, akatoa amri kama hakimu. Vyumba vya juu vitaendeshwa na kompyuta. Vyumba vya chini vitaendeshwa na baba. Idadi ni sawa juu na chini, asilalamike mtu. Mpaka Jumapili. Atakayeendesha bila vurugu, kaunta ni yake. Nikamwambia aape kwamba hataingilia upande wangu kabla ya Jumapili. Akaapa. Nikamwambia aape tena. Akasema baba, nina kazi.

Mfumo wangu kwa vitendo ni huu, na mtoto mchanga ataufahamu. Kila chumba kina msumari ukutani. Ufunguo ukiwa kwenye msumari, chumba kitupu. Ufunguo ukiwa kwenye koti langu, chumba kina mtu. Basi! Tarehe za nini? Mimi nimesoma darasa nne tu, lakini zile darasa nne za zamani, ambazo mwalimu alikuwa analala na wanafunzi tunajifundisha.

Jumatano, tarehe 8 Mei

USHINDI! Asubuhi tu, simu ikalia. Mwanamke, sauti ya kuamrisha. Kiongozi wa waamuzi wa mpira. Wana semina, wanataka vyumba vyote vya chini, Jumamosi mpaka Jumapili. Lazima chini, kasema, maana waamuzi wake wengi wamekwisha magoti kwa kukimbia nyuma ya vijana. Nikamwambia mama, umepiga mahali penyewe. Nimemwita Mama Filimbi, kwa siri.

Nikanyanyuka, nikavua funguo zote kwenye misumari, nikazitia kwenye koti. Zote! Koti likavutwa upande mmoja mpaka bega likashuka. Nikatembea nalo kutoka kaunta mpaka jikoni na kurudi, likilia kama ng'ombe mwenye kengele. Vyumba vya chini vimejaa. Tangu nijenge hoteli hii havijawahi kujaa siku ya Jumatano.

Nikamwita mkwe aone ukuta. Juu kwake ana wageni wawili, na mmoja anakohoa. Akaitazama ile misumari mitupu. Akauliza waamuzi wanakuja lini. Nikasema Jumamosi. Akauliza, na leo je? Nikasema leo vimejaa. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Akasema samahani baba, hapo ndipo ile buking ingesaidia, kwa sababu inajua siku... Nikamkata. Nikamwambia mwanangu, kushindwa si dhambi, usilie.

Mama Watoto, mke wangu, anayesimamia jiko, akachungulia akauliza kesho chai ya watu wangapi. Nikamwambia chini kumejaa, upike kama kumejaa.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mama Watoto amepika. Mayai sinia zima, mkate umekatwa, chupa za chai zimepangwa mstari. Tukangoja. Hakutoka mtu kwenye vyumba vya chini. Mama Watoto akaniuliza wageni wangu ni wa namna gani, hawali? Nikasema ni waamuzi, labda wana nidhamu. Akasema hata choo hawaendi? Nikaona mazungumzo yanaelekea pabaya, nikaanza kula. Nimekula mayai mpaka nikawa nahema. Dada wa usafi naye kala. Yule anayekohoa juu kaletewa ya kwake na ya jirani.

Mchana akaja Bwana Machujio. Huyu ni mteja wetu wa miaka, anazunguka akiuza machujio ya chai na ya nazi, na siku zote analala chumba cha kona, chini. Akaingia anacheka, ameshanyoosha mkono apewe ufunguo. Nikamwambia mzee mwenzangu, leo umechelewa, kumejaa. Akasema nani yuko kwenye chumba changu? Nikasema mwamuzi. Akatoka nje, akazunguka nyumba, akachungulia dirishani. Akarudi. Akasema we mzee, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu, mto haujalaliwa. Nikamwambia umetazama kwa macho. Akasema nitazame kwa nini, kwa machujio?

Mtu mwenye mfumo hajibizani na mtu mwenye machujio.

Mkwe akampeleka juu. Akamwuliza anakaa mpaka lini, Bwana Machujio akasema mpaka Jumamosi asubuhi, mkwe akabonyeza. Ndiyo kazi yote. Akabonyeza! Mimi hapa nabeba chuma begani tangu jana.

Baadaye wakaja mafundi wa mnara wa simu, watu wa kazi, wana vumbi, wanataka vyumba vya chini kwa sababu ya vifaa vyao vizito. Nikawarudisha. Binti alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili kama anaizuia isianguke. Nikamkumbusha kiapo. Akasema sijasema kitu, baba. Mafundi wakapanda ngazi na vifaa vyao, wanaguna kila kidato, na kila kidato wananitaja.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Juu kumejaa. Najua kumejaaje. Kumejaa kwa watu niliowarudisha mimi! Yaani ushindi wake ni makombo ya meza yangu. Nikamwambia mkwe hivyo hivyo. Akasema ahsante baba. Huyu kijana atanitoa roho kwa ahsante zake.

Chini kimya. Kimya kizuri, cha vyumba vilivyojaa watu wastaarabu. Dada wa usafi akaja kuomba funguo afute vumbi. Nikamwambia chumba chenye mgeni hakifutwi vumbi mpaka mgeni atoke. Akauliza atatokaje mtu ambaye hajaingia. Nikamwambia maswali kama hayo ampelekee mkwe, yeye ndiye mwenye kisanduku cha shuka.

Saa za alasiri simu ikalia. Kijana mmoja, sauti nyembamba. Anasema anataka kuhakikisha vyumba vya chini vya kesho. Nikamwambia pole, vyumba vya chini vyote vimejaa. Akasema haiwezekani, viongozi wake walishaweka nafasi. Nikamwambia viongozi wako siwajui, chini kuna waamuzi wa mpira. Akasema ndio sisi! Nikamwambia nyie mtakuwaje wao, na wao wameshaingia? Akaniuliza, wameingia lini? Nikasema Jumatano. Akauliza wangapi. Nikasema vyumba vyote. Nikamsikia anamwambia mtu pembeni yake, eti kuna waamuzi wengine wametangulia. Akakata simu.

Nimeyaona mengi kwenye kaunta ile. Matapeli wa kila aina. Wanaojiita wakaguzi, wanaojiita mashemeji zangu. Lakini kujifanya mwamuzi! Nikajipongeza kwa chai ya tangawizi.

Baadaye kidogo nikamsikia Binti kwenye simu yake, ameingia stoo na kufunga mlango. Samahani sana mama. Hapana mama. Ni baba yangu, mama. Ndiyo, mzima kabisa. Sijui alikuwa anaongea na nani, na mimi sina tabia ya kusikiliza. Kisha akamwita mkwe. Mkwe akafungua kompyuta, akasema mafundi na Bwana Machujio na yule wa kikohozi na jirani yake, wote buking zao zinaisha kesho asubuhi, mchana juu kutakuwa kutupu, waamuzi wataenea. Binti akapumua kama aliyetua ndoo.

Kutupu! Alikuwa anajisifu kwamba kwake kutakuwa kutupu. Nimelala kwa raha.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Nina mambo mengi ya kuandika na mkono unachoka upesi.

Asubuhi wa juu wakaondoka wote. Bwana Machujio akaniaga kwa mbali. Mchana likaja basi dogo, wakateremka waamuzi. Wa kwanza Mama Filimbi mwenyewe. Mfupi, mpana, filimbi shingoni. Nyuma yake wenzake, wanachechemea mmoja baada ya mwingine, kama timu iliyofungwa.

Nikasimama, nikatabasamu, nikasema karibuni mama, lakini pale pale nikakwama. Vyumba vya chini vimejaa waamuzi. Hawa waamuzi wako nje. Nikiwapa funguo, funguo zitatoka kwenye koti. Zikitoka kwenye koti, vyumba vitakuwa vitupu. Na mimi navijua vimejaa! Nikawaza kwa kasi. Nikamwambia Mama Filimbi angoje kidogo, waliomo watoke kwanza.

Akauliza waliomo ni nani. Nikasema nyinyi.

Binti akafunga macho. Mkwe akaja mbio, akawaamkia, akasema vyumba vya juu viko tayari, karibuni. Wakaanza kupanda. Loo, ile safari ya ngazi! Mmoja, mzee wa makamo yangu, goti limefungwa bandeji, alipanda vidato vitatu akakaa. Akanitazama kupitia vyuma vya ngazi. Akaniuliza kwa upole, kaka, chumba hicho hapo kina nani? Nikamwambia kina wewe. Akasema basi nifungulie nijiunge na mwenzangu.

Watu wakacheka mpaka dada wa usafi akaegemea ukuta. Mama Filimbi hakucheka. Akashuka, akaja mpaka kaunta, akapuliza filimbi. Ndani ya nyumba! Akachomoa kadi ya njano mfukoni, akainyanyua mbele ya uso wangu. Nikamwambia mama, hoteli hii ni yangu. Akasema hata uwanja huwa ni wa mtu.

Nilikuwa naandaa jibu kali. Mama Watoto akatokea jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. Akasema baba watoto, kifungo cha koti kinaning'inia, utaaibika mbele ya wageni. Lete nikikaze. Sauti tamu, ile ya zamani. Nikavua koti, nikampa. Nilipokumbuka kilichomo, alishakwenda, na milango ya chini inafunguka mmoja baada ya mwingine, kwa, kwa, kwa. Mzee wa goti akapewa chumba cha kona. Wenye magoti mazima wakabaki juu.

Kifungo chenyewe kilikuwa kizima. Nimekikagua.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Waamuzi wameondoka. Mama Filimbi akamwambia Binti watarudi mwezi wa nane. Kwangu akaonyesha ile kadi kidogo tu, kama salamu.

Kisha tukakaa mezani, Binti, mkwe, Mama Watoto na mimi. Binti akasema baba, tumerudisha watu wiki nzima kwenye vyumba vitupu. Nikamwambia tulia, tufikiri kitaalamu. Jumatano mfumo wangu ulisema waamuzi wako chini. Jana usiku waamuzi walikuwa wapi? Chini. Sasa nani alikosea? Kompyuta ilisema watakuwa juu! Mimi nilipatia, ila nilitangulia siku chache. Kuwahi ni kosa?

Mama Watoto akaangalia dari kama kuna mjusi.

Binti akashika mkono wangu. Akasema kaunta itahamia kwenye mfumo wa kompyuta, yeye mwenyewe atakaa pale. Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikaenda kupangusa kiti changu, kilikuwa na vumbi kidogo. Nikakipangusa tena. Mkwe akanifuata, akasimama pembeni, akashika kitambaa kingine akapangusa kaunta upande wa pili. Tukapangusa mpaka hapakuwa na cha kupangusa.

Halafu akatoa mchoro wake. Akasema baba, nimekuongezea. Nikavaa miwani. Pembeni kabisa ya karatasi, kisanduku kipya, kikubwa kuliko cha shuka. Kimeandikwa MZEE. Chini yake ameandika kinachojua: wageni wote kwa sura. Kinachoweza: kukaribisha. Kina mstari mmoja tu, unaenda barazani, ambako mgeni anapita kabla ya kufika kaunta.

Maana yake mimi ndiye wa kwanza. Kaunta ni ya pili! Nimemshika mkono, nikamwambia una akili kiasi, umeanza kuniiga.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Nimeshaanza kazi barazani. Jana nilikaribisha wageni wote, na mmoja aliyekuwa anapita tu njia. Kazi inanipenda. Lakini nimeona uzembe: viti vya baraza havina mpangilio wowote, mtu anakuja tu anakaa. Hakuna mfumo!

Nimeurekebisha. Kiti kikisimama wima, kitupu. Kikilazwa kwenye meza, kina mtu. Waamuzi wanarudi mwezi wa nane, na magoti yale hayatawaruhusu kusimama, kwa hiyo nimewawekea kabisa. Viti vyote nimevilaza.

Bwana Machujio amerudi leo, kasahau mzigo wake juu. Akataka kukaa anywe chai. Nikamweleza hali. Akainywa amesimama, ananitazama juu ya kikombe. Mama Watoto amekuja na ungo wa kuchambulia mchele, akaona, akarudi jikoni bila kuuliza. Mkwe kaja, kaangalia viti, kafungua mdomo, kaufunga.

Baraza imejaa pomoni. Naandika haya nimesimama.